Binti yetu anatimiza miaka 18 Mauritius. Ajiandike nani?

Swali liliulizwa mezani, wali ukiwa bado wa moto. "Mama mkubwa, wewe unanionaje? Mimi ni nani?"

Aliyeuliza ni mtoto wa mdogo wangu. Ana miaka 17 na Novemba anatimiza 18. Alizaliwa Mauritius na amekulia huko, ila Kiswahili chake ni cha Tanga kabisa, maana mama yake hakukubali kizazi chake kipotee lugha. Mama ni Mwislamu wa Tanga. Baba ni Mkrioli wa Rose Hill, Mkatoliki. Ndoa yao ilifungwa bomani miaka 19 iliyopita na pande zote mbili zikanuna. Baba yetu mzee hakuongea na mdogo wangu kwa miaka miwili.

Shemeji alijaribu kulifunika lile swali. "Wewe ni mwanangu. Kula chakula." Lakini binti hakuwa anatania. Shuleni walikuwa wamepewa kazi: kila mwanafunzi ajifanye mgombea ubunge, ajaze fomu ya kuteuliwa kisha aandike hotuba. Jina alijaza, anwani akajaza, kazi akajaza. Alipofika mahali pa kuandika jamii yake, kalamu ikagoma. Akaacha wazi. Mwalimu akamwambia kwamba kwenye uchaguzi wa kweli fomu yenye nafasi hiyo wazi hukataliwa.

Nilikuwa nimekwenda likizo ya Juni na mwanangu wa kiume wa miaka 11, kwa matembezi tu. Sikujua kwamba ningerudi na somo la uraia, na mzigo wa kupeleka Tanga.

Kisiwa chenye bunge

Kutoka Nairobi ndege huchukua kama saa nne. Unaposhuka unasogeza saa yako mbele kwa saa moja. Kisiwa kikuu kinaizidi Unguja kidogo tu kwa ukubwa, na watu wote wa nchi ni milioni 1.2 na ushei, chini ya robo ya watu wa Dar es Salaam kwa sensa ya 2022. Juni kwao ni baridi. Mwanangu, aliyejaza begi kaptura za baharini, alishinda siku mbili za mwanzo ndani ya sweta la binamu yake.

Siku ya tatu binti alitupeleka Port Louis kwa treni ya mjini. Tulishuka, tukatembea hadi uwanja wanaouita Place d'Armes, wenye minazi mirefu ya mapambo kwa safu. Upande wa bandarini imesimama sanamu ya La Bourdonnais, gavana Mfaransa aliyeujenga mji. Upande wa pili, mbele ya jengo la serikali, yupo Malkia Victoria wa Uingereza. Wafaransa walitawala, Waingereza wakafuata, na leo bunge liko nyuma ya malkia huyo wa mawe.

"Rais anakaa humo?" mwanangu akauliza.

"Hapana," binti akasema. "Rais anakaa Réduit, kwenye jumba lake. Humu wanakaa wabunge na Waziri Mkuu. Mwenye nguvu ni Waziri Mkuu."

Kwa mtoto wa Tanzania hilo lilikuwa jambo geni. Kwetu tunampigia Rais kura moja kwa moja, naye ndiye huteua Waziri Mkuu na kumpeleka bungeni athibitishwe. Mauritius ni kinyume chake. Mwananchi hapigi kura ya Rais wala ya Waziri Mkuu, anapiga kura ya mbunge tu. Uchaguzi ukiisha, Rais humwita mbunge anayeonekana kuungwa mkono na wabunge wengi na kumteua kuwa Waziri Mkuu. Huyo huunda baraza la mawaziri, na katiba inaweka kikomo: mawaziri wasizidi 24, ukimtoa yeye mwenyewe. Siku wabunge wengi wakimkataa, kazi imeisha.

Rais naye huchaguliwa na Bunge, kwa hoja inayowasilishwa na Waziri Mkuu, kwa miaka mitano. Husaini miswada kuwa sheria na kuna miswada anayoweza kuirudisha bungeni mara moja ifikiriwe upya. Ikipitishwa tena, atasaini. Nchi ilipata uhuru 12 Machi 1968 ikiwa bado chini ya malkia wa Uingereza, ikawa jamhuri siku kama hiyo mwaka 1992. Mwanamke wa kwanza kushika urais ni Ameenah Gurib-Fakim, mwanasayansi, kati ya 2015 na 2018.

"Kwa hiyo Rais hana kazi," mwanangu akahitimisha.

"Ana kazi," binti akasema. "Ni kama babu. Haendeshi gari, lakini hamuondoki bila kumuaga."

Waziri Mkuu naye ni mbunge wa mtaa

Jambo moja lilinigusa zaidi ya mengine. Waziri Mkuu wa Mauritius ni mbunge wa jimbo kama wengine. Ana wapiga kura wake, wana barabara zao mbovu, na wanaweza kumnyima kura. Mwaka 2014 Navin Ramgoolam alikuwa Waziri Mkuu na akashindwa jimboni kwake. Mwaka 2024 Pravind Jugnauth naye, akiwa Waziri Mkuu, alishindwa jimboni kwake, na Ramgoolam akarudi.

Ukiyatazama majina utaona kitu ambacho mzazi yeyote atakielewa haraka. Tangu uhuru nchi hii imekuwa na mawaziri wakuu watano tu: Seewoosagur Ramgoolam na mwanawe Navin, Anerood Jugnauth na mwanawe Pravind, na Paul Bérenger aliyeshika kati ya 2003 na 2005. Yaani watano, na wanne wanatoka nyumba mbili. Mwaka 2017 Anerood alijiuzulu na mwanawe akachukua kiti bila uchaguzi mkuu kuitishwa, kwa sababu chama chao kilikuwa na wabunge wengi. Kisheria hakukuwa na kosa. Lakini shemeji, ambaye ni mtu wa maneno machache, alisema hivi: "Mimi nilimrithisha mwanangu baiskeli. Watu wengine wanarithisha nchi."

Kura tatu kwa kila mtu

Kisiwa kikuu kina majimbo 20, na kila jimbo hutoa wabunge watatu. Kisiwa cha Rodrigues, kilicho mbali upande wa mashariki, ni jimbo la 21 na hutoa wabunge wawili. Jumla 62. Rodrigues ina pia baraza lake la kujisimamia tangu 2002.

Mpiga kura wa kisiwa kikuu hupewa karatasi moja yenye majina mengi na lazima achague matatu kamili. Akiweka alama mbili, au nne, kura imeharibika. Mdogo wangu aliniambia mara ya kwanza alitaka kumpa kura mgombea mmoja tu aliyemwamini. Mama mkwe wake akamshika mkono kabla hawajatoka nyumbani: "Watatu, mwanangu. Watatu."

Nikashangaa. Mdogo wangu bado ana pasipoti ya Tanzania, sasa anapigaje kura huko? Kumbe katiba ya Mauritius inamruhusu raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola, mwenye miaka 18 na aliyeishi nchini miaka miwili, kujiandikisha. Tanzania imo katika Jumuiya hiyo. Basi mwanamke wa Tanga anasimama kwenye foleni ya Rose Hill na kumchagua mbunge.

Mfumo huu wa watatu watatu una shida yake. Watu wakichoka na serikali, huchukua orodha nzima ya upande wa pili. Mwaka 1982 muungano mmoja ulishinda viti vyote 60 vya kisiwa kikuu. Ikatokea tena 1995. Ikatokea tena Novemba 2024. Hebu fikiria bunge ambalo upande mmoja umeshinda viti 60 na uliokuwa madarakani haukushinda hata kimoja. Nani atauliza maswali?

Hapo ndipo tunarudi kwenye fomu ya binti yetu.

Kiti cha mshindwa bora

Baada ya wabunge 62 kupatikana, Tume ya uchaguzi inaweza kuongeza hadi 8 kutoka kwa waliogombea na kushindwa. Huko huwaita washindwa bora. Hawachukuliwi kwa wingi wa kura peke yake. Katiba imewagawa wananchi katika mafungu manne: Wahindu, Waislamu, wenye asili ya China, na "watu wa jumla", yaani kila ambaye mwenendo wa maisha yake haumuoneshi kuwa katika fungu lolote kati ya yale matatu. Viti vya kwanza hutolewa kwa jamii ambayo imepata wabunge wachache kuliko idadi ya watu wake. Vinavyofuata hurekebisha mizani ya vyama isivurugike. Ndivyo hata chama kilichofagiliwa kinavyoweza kupata sauti bungeni.

Hesabu ya jamii inayotumika ni ya sensa ya 1972. Baada ya hapo sensa iliacha kuuliza swali hilo. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa miaka ya karibuni anapimwa kwa nchi ya babu yake.

Na ili hesabu iende, kila mgombea lazima aandike ni wa jamii gani. Mwaka 2012 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema kumlazimisha mgombea kujitaja hivyo, wakati takwimu zenyewe ni za zamani kiasi hicho, ni kukiuka haki yake. Uchaguzi wa 2014 ukapata sheria ya muda iliyomruhusu mtu kuacha nafasi wazi. Muda wake ukaisha. Mwaka 2019 walioacha wazi walikataliwa.

"Mama anasali Ijumaa nyumbani, baba anakwenda misa Jumapili," binti alisema. "Mimi nafunga Ramadhani na mama na Krismasi naimba na Granmer. Mwenendo wa maisha yangu unaonesha nini?"

Granmer ni bibi yake mzaa baba. Nyumba nzima humwita hivyo na mimi pia nilianza kumwita hivyo kabla wiki haijaisha. Hadi wakati huo alikuwa kimya, anachambua dengu.

Cherehani ya 1968

Granmer alizaliwa 1957. Alituhadithia kwa Kikrioli, binti akitafsiri.

Familia yao iliishi Port Louis, pembeni ya mtaa wa Plaine Verte wenye Waislamu wengi. Baba yake alifanya kazi bandarini. Mwaka 1967 ulifanyika uchaguzi wa kuamua kama nchi ichukue uhuru. Waliotaka walishinda, lakini asilimia 44 walipinga. Wengi waliopinga waliogopa kwamba Wahindu, walio wengi, watachukua kila kitu. Januari 1968, miezi miwili kabla ya uhuru, vikundi vya Wakrioli na vya Waislamu vilipigana mitaani Port Louis. Watu waliuawa. Waingereza wakaleta askari.

Baba yake Granmer alikodi mkokoteni usiku. Walipakia magodoro, masufuria na watoto. Cherehani ya mama haikupata nafasi. Jirani yao Mwislamu akasema, "Acheni kwangu." Wakahamia Rose Hill. Baada ya miezi mitano jirani alikuja na cherehani, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, ameifunga kwa kanga. Akanywa chai, akaondoka. Hawakurudi tena kuishi karibu.

"Hivyo viti vinane," Granmer alisema, "viliwekwa kwa sababu ya hofu iliyotuletea ule mkokoteni. Ili kila mtu aangalie bungeni aone mtu wake, asichukue panga. Msivicheke."

Binti alisema, "Sivicheki, Granmer. Lakini mimi ni mtoto wa pande zote mbili za ule ugomvi. Nikiandika mmoja, nimemfuta mzazi wangu mmoja."

Shemeji akaegemea kiti. "Andika lolote upite, mwanangu. Ni karatasi tu. Ukiwa ndani utaibadilisha."

"Na kama kila anayepita anasema hivyo?"

Hakuna aliyemjibu. Mdogo wangu aliinuka kutoa vyombo. Nilimfuata jikoni nikamkuta anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Aliniambia kwa miaka yote hiyo aliogopa siku mtoto atakapoambiwa achague kati yao wawili, na alidhani ingetokea kwenye harusi au mazishi. Hakuwaza kuwa ingetokea kwenye kazi ya nyumbani.

Watoto waliobadilisha umri wa kura

Usiku huo Granmer alinipa hadithi nyingine na ningependa kila mzazi mwenye kijana mbishi aisikie.

Mei 20, 1975, wanafunzi wa sekondari kutoka sehemu nyingi za kisiwa waliandamana kwa miguu kwenda Port Louis. Walitaka elimu bora na yenye usawa. Polisi waliwazuia kwenye daraja la Grande Rivière Nord-Ouest, kabla ya kuingia mjini. Granmer alikuwa na miaka 17 au 18 na hakuwa mwanafunzi. Sekondari ilikuwa ya kulipia na kwao watoto walikuwa sita, kwa hiyo yeye alishona nguo kiwandani. Aliwaona wakipita akiwa kando ya barabara.

Mwaka uleule umri wa kupiga kura ulishushwa kutoka 21 hadi 18. Mwaka 1976 Granmer alipiga kura ya kwanza akiwa na miaka 19. Mwaka 1977 sekondari ikawa bure, na mdogo wake wa mwisho akasoma hadi akawa mhasibu. "Wale watoto walipigwa mabomu ya machozi," alisema, "na mimi nikapata kura, na kaka yangu akapata shule. Sasa nitamwambiaje mjukuu wangu anyamaze?"

Jumanne kwenye televisheni

Bunge lao kwa kawaida hukaa Jumanne na hurushwa moja kwa moja. Tulikaa sebuleni saa tano na nusu asubuhi. Kiongozi wa Upinzani, ambaye cheo chake kimeandikwa kwenye katiba, ana swali lake maalumu na muda wake. Kisha hufuata nusu saa ya maswali kwa Waziri Mkuu. Mwanangu aliona ni kama mechi, ila refa amevaa joho.

Refa huyo, yaani Spika, alinivutia. Ni Shirin Aumeeruddy-Cziffra, mwanasheria, aliyechukua kiti hicho baada ya uchaguzi wa 2024. Huko Spika anaweza kutoka nje ya wabunge. Granmer alimjua tangu zamani. Mwaka 1977 Mauritius ilipitisha sheria kwamba mwanamke wa huko akiolewa na mgeni, mume aombe kibali cha kukaa na anaweza kunyimwa au kufukuzwa. Mwanamume aliyeoa mgeni hakuguswa. Wanawake 20, yeye akiwa mmoja wao, walipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa. Mwaka 1981 Kamati ya Haki za Binadamu ilisema sheria ile inabagua, na 1983 ikarekebishwa. Baadaye akawa mtetezi wa kwanza wa watoto aliyewekwa kisheria nchini humo. Mdogo wangu, mke wa kigeni, alimtazama kwenye skrini kwa muda mrefu.

Kitu kimoja kilinikera. Granmer alikuwa anamuuliza mjukuu wake kila dakika, "Wamesema nini?" Nyumbani, sokoni na kwenye basi watu wa kisiwa hiki huongea Kikrioli. Lakini katiba inasema lugha rasmi ya Bunge ni Kiingereza, na mbunge anaweza pia kutumia Kifaransa. Bibi aliyeshona nguo za kuuzwa Ulaya anahitaji mkalimani kufuata bunge la nchi yake. Nilimkumbuka mama yangu Tanga anavyobishana na redio wakati wa Bunge la Dodoma, anamjibu waziri neno kwa neno. Hiyo ni neema ambayo tumeizoea hadi hatuioni.

Mzigo wa kupeleka Tanga

Kabla sijaondoka mdogo wangu alinipa maziwa ya unga ya kutengenezea alouda, mifuko miwili ya chai, na ujumbe. Binti ana pasipoti mbili. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na mtoto aliyeupata kwa kuzaliwa hutakiwa kuchagua akifikisha miaka 18. Binti anataka kubaki Mmauritius. Anataka siku moja agombee kweli. Mama yake amempa uhuru wa kuchagua, lakini nani atamwambia babu?

Huyo ni babu ambaye alinuna miaka miwili, kisha siku ya kwanza kumbeba mjukuu akasema, "Huyu ni wetu, pua hiyo ni ya mama yangu."

Nilimkuta barazani baada ya Alasiri. Nilianza mbali. Nikamwambia habari ya Kilwa, kwamba mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vile. Kwamba huko waliwabandika watu wa pwani yetu jina la "Mozambik", bila kujali walikotoka. Kwamba Granmer anajua tu kuwa wazee wake walikuwa Mozambik, basi huenda ni watu wa kwetu waliotangulia. Baba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Sema ulilotumwa."

Nikasema.

Alikaa kimya. Akaomba maji, akanywa. "Atapiga kura huko?"

"Ndiyo, baba."

"Watamhesabu kama mtu wao?"

Nilimwambia ukweli. Kura yake itahesabiwa kama ya mtu mwingine yeyote, lakini akitaka kugombea wataomba ajiweke fungu moja, naye hataki.

"Asikubali," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Pasipoti ni yake. Idi aje."

Kwa mzazi mwenzangu

Kama una mtoto mwenye uraia wa nchi mbili, usingoje siku ya kuzaliwa ya 18. Zungumzeni mapema na mwende Uhamiaji mkaulize taratibu kwa mdomo wenu, maana maneno ya mitaani yamewaponza wengi. Mwambie mtoto kila pasipoti inampa nini na inamnyima nini. Halafu, hata kama ulishachagua moyoni, mwache aseme yeye kwanza.

Na kama mtoto wako amezaliwa na makabila mawili au dini mbili hapahapa nyumbani, fomu itamfikia pia, hata kama si ya ubunge. Atakuuliza aandike nini. "Kula chakula" haitamtosha.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinitumia picha kwenye simu. Ni ile fomu ya shule. Mahali pa jamii pameachwa wazi, na pembeni binti ameandika sababu zake kwa mistari sita, akitaja sensa ya 1972, mama yake, baba yake na cherehani. Mwalimu amempa alama zote. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, ameandika: Fomu imekataliwa.

Wameibandika kwenye friji.